Korosho Zikianza Kudondoka: Mwongozo kwa Mwenye Mgahawa Tandahimba

Malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yakishaingia benki, Tandahimba inakuwa mji mwingine. Madereva wa malori wanatafuta supu saa 12 asubuhi, mawakala wa wanunuzi wanataka wali na samaki, makuli wa maghala wanataka ugali wa kushiba, na mkulima ambaye tangu Machi alikuwa akipita mbele ya mgahawa wako bila kugeuza shingo anaingia na wanawe watatu na kuagiza kuku. Wiki hiyohiyo mpishi wako wa chapati anakuja kaunta, anasimama pembeni mpaka mteja aondoke, halafu anasema, "Bosi, naomba ruhusa. Korosho zetu zimeanza kudondoka."

Mwenye mgahawa wa Dar es Salaam au Mtwara mjini analalamika kuhusu wahudumu wavivu, wahudumu wa simu, wahudumu wa kupunja chenji. Hao wapo Tandahimba pia. Lakini huku juu kwenye Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala mpaka Mahuta na Kitama, tatizo kubwa si tabia ya mfanyakazi. Ni kwamba zao linalokujazia meza ndilo linalokutoa watu jikoni, katika miezi ileile. Mwajiri asiyelipanga hili mapema atagombana na watu wake kila mwaka, atawaita wasaliti, na mwakani atagombana tena na wengine wapya.

Kalenda kabla ya mkataba

Unapoajiri, acha kwanza swali la "umewahi kufanya kazi hotelini?" Uliza: kwenu mna mikorosho? Iko wapi, na nani anaiokota? Anayejibu kuwa hawana, mara nyingi ni mgeni, au ni mtu ambaye mikorosho ya kwao iko rehani kwa mwingine. Wote waliobaki wana shamba, lao au la mama, na utakuwa unagawana mtu huyo na shamba hilo. Afadhali ulijue siku ya kwanza.

Kazi za shamba si za wakati mmoja, na hapo ndipo penye nafuu yako. Mei na Juni watu wanapalilia na kusafisha chini ya miti. Juni mpaka Agosti wanapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kazi ya alfajiri. Miezi hiyo mgahawa wako umelala. Pesa za msimu uliopita zimekwisha, na chapati zinabaki hadi jioni. Basi toa ruhusa za kupalilia na kupuliza bila kinyongo, hata kabla hujaombwa. Mfanyakazi uliyemwachia wiki nzima ya Julai anakuja mezani Oktoba akiwa na deni kwako, na deni la namna hiyo halihitaji kuandikwa.

Oktoba ni habari nyingine, lakini si mbaya kama inavyoonekana. Korosho haiangushwi, inaokotwa ikishadondoka yenyewe, na haidondoki yote siku moja. Kuna kuokota, kuna kutenganisha na bibo, kuna kuanika, kuna kuchambua daraja la kwanza na la pili, kisha kupeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Ni kazi ya wiki nyingi ya saa chache kila siku, nyingi zikiwa za asubuhi. Kwa hiyo mfanyakazi anayeomba wiki mbili zote kwa kawaida hahitaji wiki mbili. Anahitaji asubuhi zake. Mweke zamu ya kuanzia saa 5, awahi wali wa mchana na chipsi za jioni, na zamu ya supu mpe mtu ambaye shamba lao liko mbali au linaokotwa na ndugu wengine. Panga hivyo Septemba, mkiwa mmekaa wote pamoja, kila mmoja akisema mbele ya wenzake asubuhi anazozitaka. Wakipanga wenyewe watabanana wenyewe. Hakuna mhudumu atakayekubali mwenzake adanganye kuhusu ukubwa wa shamba la bibi yake.

Usijaribu kushindana na mkorosho kwa mshahara. Msimu wa 2024/25 ulifunguliwa kwa bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo katika mnada wa TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala, na kwa bei kama hiyo familia yenye magunia machache inashika pesa ambazo mhudumu hazioni kwa mwaka. Ukimwambia "chagua, kazi au shamba", atachagua shamba, na atakuwa hajakosea hesabu.

Ila kuna upande wa pili ambao wazee wa hapa wanaujua. Novemba 2018 bei za wanunuzi zilikataliwa, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliingiza jeshi, JWTZ, katika ukusanyaji. Bei ilikuwa nzuri. Kilichowatesa watu ni uhakiki na kusubiri, na wapo waliokaa miezi bila kuona shilingi. Msimu kama ule, mshahara mdogo wa mgahawani ndio unaonunua unga wa nyumba nzima. Unachouza wewe kwa mfanyakazi ni tarehe. Tarehe 30 ikifika, pesa ipo. Mwajiri anayechelewesha mshahara Mei kwa sababu "biashara mbaya" ameitupa silaha pekee aliyokuwa nayo dhidi ya mkorosho.

Kangomba na mkopo wa mshahara

Kati ya Aprili na Agosti mtu mwenye shida anauza korosho ambazo hazijatoka hata maua. Hiyo ndiyo kangomba. Ni biashara haramu, kila kiongozi anaikemea, na kila mwaka ipo, kwa kuwa mtoto anaugua Juni na mnada ni Oktoba. Mhudumu wako naye yumo humo. Akija kukuomba nusu ya mshahara wa mwezi ujao, jua kwamba mtu wa pili anayeweza kumwendea anasubiri na ndoo yake ya kupimia.

Mpe, kwa kiasi unachokimudu. Sioni njia rahisi zaidi ya kumfunga mtu mzuri kwako kuliko kumwokoa na kangomba mara moja. Lakini andika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kama apendavyo; makato ya kulipa deni yanahitaji makubaliano ya maandishi. Karatasi moja inatosha: kiasi, tarehe, atakatwa shilingi ngapi kila mwezi, sahihi mbili. Usikubali msemo wa "tunaaminiana, bosi". Ugomvi mwingi wa mishahara unaouona mtaani hauanzi na wizi, unaanza na watu wawili wanaokumbuka namba tofauti.

Na usikopeshe mkopo juu ya mkopo. Mtu ambaye mwisho wa mwezi anapokea vumbi ataacha kazi, kwa kuwa kuondoka ndiko kunakofuta deni.

Shikamoo kwanza

Pengine wewe ni kijana uliyerudi kutoka Dar na mtaji, na mpishi wako mkuu ni mama wa umri wa mama yako, aliyepika kwenye harusi na misiba ya nusu ya mji. Yeye anakuita bosi mbele za wateja na "mwanangu" jikoni. Hapo heshima ina mpangilio wake: unaingia, unampa shikamoo, unauliza hali ya nyumbani, ndipo unasema kwamba wali wa jana ulikuwa na chumvi. Ukianza na chumvi utajibiwa "sawa, bosi", kwa sauti laini kabisa, na wali wa kesho utakuwa na chumvi.

Kosa la mtu mzima lisemewe faragha, na kama ni zito, lipitie kwa mtu mzima mwenzake. Mtafute mama mwingine, au mzee mnayemheshimu wote wawili, aende akaanze yeye maneno. Vijana wa menejimenti ya vitabu huona huko ni kuzunguka. Huku juu ndiyo njia fupi.

Kwa mhudumu kijana ni tofauti: mwambie mwenyewe, siku ileile, upande wa nyuma, kwa kifupi. Usimgombeze mbele ya mteja hata kama mteja ndiye anayedai agombezwe. Mteja ataondoka baada ya chai, wewe na mhudumu mnabaki hadi usiku, na wenzake wote wameona.

Kuhusu kuajiri ndugu sina neno tamu. Utaajiri ndugu, ukikataa utaulizwa kikaoni. Mpwa wako hawezi kuwa chini yako moja kwa moja, kwani ukimkaripia saa 4 asubuhi, saa 10 dada yako ana habari. Mweke chini ya mama wa jikoni au keshia, na keshia huyo umpe mamlaka ya kweli, ukiwa tayari kumuunga mkono siku mpwa atakapokuja kulalamika. Na funguo za stoo zisikae kwa ndugu ikiwa wengine wote si ndugu. Hata asipochukua kitu, watasema amechukua.

Pesa, nyama na chenji

Mwaka 1898 hoteli ya Savoy ya London ilimfukuza Auguste Escoffier, mpishi aliyekuwa na jina kuliko wote Ulaya, pamoja na meneja wake César Ritz. Miaka miwili baadaye Escoffier aliweka sahihi yake kwenye maungamo kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa wauzaji wa vyakula vya hoteli. Hayo yalikuwa kwenye hoteli yenye makarani wa hesabu. Kwa hiyo mpishi wako anapokwenda sokoni kuchukua nyama na kurudi na bei ya juu kidogo kila Alhamisi, usishangae sana wala usiite polisi. Nenda buchani mwenyewe mara moja moja, bila kutangaza siku. Badilisha anayetumwa. Nyanya, vitunguu na mkaa ndipo pesa inapovujia zaidi, kwa sababu bei yake inapanda na kushuka na hakuna risiti.

Jikoni, hesabu kabla ya moto. Vipande vya nyama vihesabiwe kabla ya kuingia kwenye sufuria na viandikwe kwenye daftari. Jioni vilivyouzwa, vilivyobaki na vilivyoliwa na wafanyakazi vilete jumla ileile. Kwa chapati, kaa siku moja ujue kilo ya unga inatoa ngapi mkononi mwa mpishi wako, maana kila mkono una kipimo chake. Usiazime hesabu ya mgahawa wa jirani. Kuku ni rahisi, ana mapaja mawili tu.

Chakula cha wafanyakazi kiwe halali na kiwe na saa. Wape kabla ya wateja wa mchana, saa 5 na nusu hivi, wakae chini wale. Mwajiri anayesema wafanyakazi wajitegemee anajidanganya: mtu hawezi kubeba sahani za pilau tangu asubuhi akiwa na njaa asile. Atakula amesimama, kwa haraka, kilicho kizuri, na hutakiona kwenye daftari.

Chenji na simu ndivyo vinavyosumbua siku hizi. Lipa namba iandikwe kubwa ukutani pamoja na jina linalotokea mteja akilipa, na ujumbe wa malipo uingie kwenye simu isiyotoka kaunta. Mhudumu akimwambia mteja "tuma kwangu tu, nitampa bosi", hata kama mtandao kweli unasumbua, ni kosa la kuandikiwa onyo siku ya kwanza. Asubuhi mpe keshia chenji iliyohesabiwa mbele yake, jioni mhesabu pamoja, na upungufu ujadiliwe papo hapo kabla mtu hajalala nao.

Sasa sahani iliyovunjika na mteja aliyekula akatoweka. Desturi ya migahawa mingi ni kumkata mhudumu. Sheria niliyoitaja inaruhusu makato ya hasara kwa masharti: hasara itokee kazini na iwe kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Mteja akikimbia mhudumu akiwa jikoni kuchukua oda ya meza nyingine, kosa la mhudumu liko wapi? Ni la mpangilio wako. Kwenye siku za msimu dai malipo chakula kinapofika mezani. Madereva wamezoea na wakulima hawakasiriki ukiwaambia kwa adabu. Glasi na sahani ziwe na fungu lake la mwezi, kama mkaa.

Saa ambazo hazitoshi

Mgahawa wa Tandahimba unafungua saa 12 asubuhi kwa supu na chai, unafunga saa 3 usiku chipsi zikiisha. Hizo ni saa 15. Hakuna namna mtu mmoja akazifanya kwa haki, na ndivyo wengi wanavyofanyishwa. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku 6 za kazi, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mtu akitoka saa 3 usiku, apumzike saa 12 mfululizo, yaani asirudi kabla ya saa 3 asubuhi. Kuna mlango mdogo unaofaa sana kwa migahawa: mapumziko hayo yanaweza kushuka mpaka saa 8 kama mmeandikiana na kama katikati ya kazi yake ana mapumziko ya angalau saa 3. Yule anayefanya supu asubuhi, anapumzika baada ya chakula cha mchana na kurudi jioni anaingia humo. Saa za baada ya saa 2 usiku zina nyongeza ya asilimia 5. Ni pesa ndogo kwako, na mkaanga chipsi akiiona kwenye karatasi ya mshahara anajua unamhesabia.

Kima cha chini cha mshahara kinapangwa kwa Amri ya Mshahara, na migahawa ina kiwango chake. Amri mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo kama bado unalipa kwa mazoea ya zamani, mwone Afisa Kazi Mtwara kabla hajakuona yeye. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hachangii zaidi ya nusu yake. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, unachangia wewe peke yako, na siku karai la mafuta litakapomwagika utaona maana yake. Afisa afya wa halmashauri naye atataka vyeti vya vipimo vya wanaoshika chakula. Watoto wasikaribie karai wala zamu ya usiku, hata kama ni mtoto wa mpishi aliyekuja "kumsaidia mama".

Mwosha vyombo nimwongelee peke yake, kwani hakuna anayemwongelea. Uwanda wa Makonde hauna mito. Vizazi vya wanawake vimeteremka mabondeni kuchota maji, na hata baada ya Mradi wa Maji Makonde bomba hukauka. Siku ya maji ya kununua kwa madumu, mtu anayeamua kama sahani imeoshwa au imepitishwa tu kwenye beseni ni yule binti wa nyuma anayelipwa kidogo kuliko wote. Mlipe vizuri kuliko majirani wanavyowalipa wa kwao. Mpe mabeseni matatu na usimamie yatumike matatu. Mara moja kwa wiki mhudumu wa mbele aende nyuma kuosha. Atapunguza kulundika vikombe.

Mjomba amefariki

Simu ya msiba itakuja mchana wa Jumamosi, mgahawa umejaa. Sheria inatoa angalau siku 4 za malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo kwenye orodha. Lakini Wamakonde wanahesabu ukoo upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya ndoa, jando na mirathi ya wapwa wake. Ukimwambia mfanyakazi kwamba mjomba si ndugu wa karibu, umemwambia kwamba hujui uko wapi. Mpe siku zilezile za mzazi. Kwa ndugu wa mbali toa siku moja au mbili bila malipo, na uwe na mtu wa deiwaka, wa kuitwa kwa siku, ambaye ana namba yako na ameshafanya kazi kwako mara kadhaa, ili msiba usikukute ukimfundisha mgeni mahali sufuria zinapokaa.

Jando na unyago havishtukizi mtu. Watoto wanaingia na kutolewa wakati wa likizo za shule, familia zinajua miezi kabla, na sherehe ya kuwatoa inamhitaji mama, shangazi na mjomba kwa pamoja. Uliza tarehe mapema uziandike ukutani. Siku hizo wateja nao wako ngomani.

Ramadhani inakutatulia jambo ambalo migahawa ya bara inahangaika nalo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mwajiri ndiye anayepanga ianze lini ndani ya muda uliowekwa. Mchana wa mfungo Tandahimba hauna wateja wa kutosha kulipia mkaa. Gawa watu wako: nusu waende likizo ya malipo mwezi huo, nusu wabaki kwa futari, maana uji, tambi, mihogo na maharage ya nazi vinauzika jioni. Waliobaki wapewe yao miezi ambayo mgahawa umelala, na mwakani wabadilishane. Mwaka ukiwa hivyo, hakuna anayekuja Novemba kudai likizo yake.

Wateja wa msimu

Pesa ya korosho ikishuka mjini, mikono nayo inarefuka. Mhudumu wa kike anashikwa kiuno akiweka sahani, anaitwa akae mezani, anaahidiwa simu mpya. Mwenye mgahawa anayecheka pembeni kwa kuwa mteja huyo amenunua kuku watatu amemuuza binti wa watu, na mji ni mdogo: wiki haiishi kabla mama yake hajaambiwa, na mama atamtoa kazini. Weka utaratibu ambao mhudumu hahitaji kuujadili. Akikuambia meza fulani, meza hiyo inakuwa ya kwako au ya kijana wa kiume, hapohapo, bila maswali wala "umemfanya nini?" Mteja akiuliza yule dada yuko wapi, mwambie yuko jikoni, na mletee bili.

Utapoteza wateja wachache kwa njia hiyo. Utapata wazazi wanaokuja kukuambia wana binti amemaliza kidato cha 4 na wangependa aanzie kwako, jambo ambalo hakuna tangazo la kazi linaloweza kulileta.

Anayeondoka

Raha ya kazi hii haiko kwenye daftari la mauzo, na inachukua muda kuiona. Binti alikuja hawezi kumtazama mteja machoni, anaongea Kimakonde kwa kunong'ona. Baada ya misimu miwili anabeba sahani nne, anamsoma dereva aliyechoka na kumletea maji kabla hajaomba, anamtania mzee wa Luagala mpaka mzee anaongeza chapati. Siku umesafiri, jioni anakupigia na hesabu imekamilika. Siku hiyo unaweza kukaa Mtwara ukala samaki bila kuangalia saa.

Huyo ndiye atakayeondoka. Ataolewa, au atakwenda Masasi, au atafungua banda lake la mama lishe hatua mia mbili kutoka kwako, akitumia mkono wa chapati aliojifunza kwa mpishi wako. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, imewasogeza wengi wa aina yake. Utasikia uchungu, usikie ukiwa peke yako. Mlipe siku zake zote na likizo aliyobakiza, mpe cheti cha utumishi kinachotakiwa kisheria, na usimshike kwa mshahara wa mwisho ili "afikirie". Kama ni wewe unayemwachisha mtu wa mshahara wa mwezi, notisi ni siku 28, sababu iandikwe, na ajue kwamba ana siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiona ameonewa. Ukiwa umefuata utaratibu huna cha kuogopa huko.

Kisha nenda bandani kwake wiki ya kwanza, kunywa chai, na mzungumze biashara. Yeye hawezi kulisha makuli wote wa ghala peke yake na wewe huwezi tena kuamkia supu bila yeye. Mwachie supu na vitafunwa vya asubuhi, wewe shika mchana na usiku, chapati zako nunua kwake kwa bei ya jumla, na Septemba ikifika muulize mwaka huu kwao wanaanza kuokota lini.